Gari la Baba Lisilobonyea

Bondeni,
Kyela.
13 Juni 2000

Mpendwa mdogo wangu Ridhwani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nikujulie hali. Hilo joto la Dubai linakuachia nafasi ya kupumua? Unakula nini, na nani anakupikia? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa kama mzee wa tumbaku? Sisi huku ni wazima kwa kiwango chetu. Mvua za mwaka huu zilinyesha mpaka tukazichukia, maji yakaingia dukani yakayeyusha sukari yangu. Sasa maji yameondoka, wamebaki mbu. Mgongo unanisumbua. Baba anakula kidogo sana.

Barua yako ya mwezi wa nne niliipata. Najua umenuna kwa kutojibiwa, lakini sikuwa na la kukujibu. Umeandika kwamba umesikia duka lililokuuzia zile pedi za breki za pikapu ya baba linauza vitu feki, kwamba kwa hiyo wewe ndiye uliyemuua baba mdogo Nsajigwa, na kwamba kwa aibu hiyo hutarudi tena Kyela. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikaikunja barua nikaiweka.

Leo jibu ninalo. Ila linapita njia ndefu, na linaanzia kwenye ile mashine ya gemu uliyoituma ndani ya boksi moja na hizo breki. Nisome kwa utulivu, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka aya chuoni ukidhani mwalimu hasikii.

Mashine niliiweka chumba cha nyuma ya duka na televisheni yake, vijana wanakuja kucheza jioni. Wanagombania gemu la mpira. Lile la mashindano ya magari hawalitaki, wanasema ni gumu mno. Ukiingia kwenye kona na mwendo mkali gari linakwenda majanini, na hakuna wa kumlaumu ila wewe mwenyewe.

Baba hakuwahi hata kuigeukia mashine hiyo kabla ya ajali. Pikapu tuliivuta mpaka uani, ipo pale imekunjika pua, na tangu tulipomzika Nsajigwa kule Makwale mwezi wa pili baba hajashika usukani wowote. Alikuwa anaamka, anaswali, anakaa kwenye kigoda akiangalia ukuta. Unawajua marafiki hao walivyokuwa. Miaka yote ile gari moja, baba kwenye usukani na Nsajigwa juu ya mzigo, huyu mtu wa msikiti mwenye babu wa Kilwa, yule mzee wa kanisa, na ubishi njia nzima. Mimi na wewe tumekula ndizi nyingi kwa Nsajigwa kuliko kwetu.

Basi asubuhi moja, vijana wakiwa shuleni, nikamkuta baba amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Akasema, "Zuena, niwashie ile ya magari." Msoma Kiingereza wa nyumba hii ni mimi, kwa hiyo nikawa utingo wake. Hiyo ilikuwa kazi ya Nsajigwa.

Gemu lile halikupi gari mpaka upate leseni. Baba yako, aliyekuwa na leseni kabla mimi sijazaliwa, akaambiwa afanye mtihani! Nilicheka. Yeye hakucheka. Mtihani wa kwanza ni kwenda mbio kisha kusimama ndani ya mstari uliochorwa barabarani. Akashindwa, akarudia, akashindwa. Na wala hakuwa anaupita ule mstari. Alikuwa anasimama mbali, kabla hajaufikia.

Nilimtazama vidole. Alikuwa anashika breki mapema mno, tena hashiki mara moja. Anagusa, anaachia, anagusa, anaachia. Ndivyo wanavyofanya madereva wetu wa huku, ambao breki za magari yao hazishiki mpaka wazipampu. Nikamwambia, "Baba, kandamiza tu, itashika." Akanijibu, "Breki haikanyagwi hivyo." Neno lile lilinikaa. Mtu aliyekuwa na pedi mpya kwenye gari lake amepata wapi mazoea hayo?

Leseni aliipata mwishowe. Akachagua gari kuukuu jeupe la Kijapani, kwa sababu rangi yake ni ya pikapu yetu. Ndipo tukaingia kwenye duka la spea. Ridhwani, ndani ya gemu lile kuna duka la spea ambalo Mbeya nzima hulipati. Tairi, springi, shokapu, ekzosi, gia, breki, mpaka uzito wa gari unaweza kuupunguza. Na siyo mapambo. Ukibadili tairi, gari linashika barabara kwa namna nyingine. Ukilegeza springi, linalala kwenye kona kama letu lilivyokuwa likilala. Baba aliliheshimu jambo hilo. Alisema aliyetengeneza kitu hiki amewahi kuendesha gari.

Mambo mawili tu yalimuudhi. La kwanza, gari likigonga ukuta halibonyei. Linadunda, linaendelea na safari, rangi yake haijakwaruzika hata kidogo. Siku ya kwanza alipougonga ukuta alidondosha kidude cha kuchezea akafumba macho, akakaa hivyohivyo. Alipoyafumbua gari lilikuwa zima, linamsubiri. Akasema, "Huu ni uongo mkubwa," akatoka nje, na siku ile hakurudi tena.

La pili ni lile duka. Alitaka nimfungie tairi vipara. Nikatafuta, hakuna. Akataka breki za mtumba zilizokwisha, hakuna. Akataka mifuko ya saruji nyuma, na mtu amekaa juu yake. Nikamwambia baba, duka hili linauza vya kuliboresha gari tu, hakuna cha kuliharibu. Alinitazama utadhani nimelijenga mimi.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kuna kona moja kwenye gemu hilo, ipo mwisho wa mteremko, inakata kushoto na ukuta uko mbele yako. Inafanana sana na ile ya kushuka kutoka Tukuyu, nawe unaijua ni ipi. Baba hakuwa anashindana na mtu yeyote. Alikuwa anataka kushuka mteremko ule na gari lilelile na mzigo uleule, ajue kama mtu mwingine angeweza kusimama. Asubuhi nyingi alishuka, akapiga ukuta, akarudi mwanzo, akashuka tena. Nilichoka kumtazama, lakini kumwacha peke yake nilishindwa.

Alhamisi iliyopita akaniambia, "Weka zile mpya." Nikamnunulia breki bora kuliko zote dukani mle. Akashuka na mwendo wake. Safari hii hakugusagusa, alikandamiza mara moja. Gari likasimama kabla ya kona, ukuta uko kule mbali. Magari mengine yakampita yote yakaisha. Yeye aliliacha lake limesimama katikati ya barabara, injini inanguruma, na mimi nikawa nangoja afurahi.

Akainuka akaenda chumbani kwake. Nikasikia kiti kinaburutwa. Aliporudi alikuwa na boksi mkononi. Zilikuwa pedi zako, Ridhwani. Hata nailoni yake haijachanwa. Alikuwa ameziweka juu ya kabati, nyuma ya sahani za maua za marehemu mama.

Hazikufungwa. Soma tena hapo, na ukimaliza usome tena. Ziwe feki, ziwe za kweli, ulichotuma hakikuligusa gari lile hata siku moja. Pikapu ilishuka na zile kuukuu. Fundi alishamwambia zimekwisha, baba akamjibu zitamfikisha mpaka kiangazi.

Utauliza kwa nini. Mimi niliuliza kwa kufoka, Mungu anisamehe, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Lakini sisi tunajijua. Nyumba hii imelelewa na foleni ya sabuni, miaka ile ya uhaba. Mama amefariki hajala hata tonge moja kwenye sahani zile, zilikuwa za wageni, na mgeni wa kustahili sahani zile hakuwahi kubisha hodi. Siku hizi bidhaa zimejaa mpaka barazani, mimi mwenyewe nauza sahani za maua kwa dazani, lakini kitu kipya kikiingia humu ndani bado kinapelekwa kabatini kikapumzike.

Jumapili baba alikwenda Makwale kwa mjane wa Nsajigwa, nikamsindikiza. Alilibeba lile boksi mwenyewe. Mama mdogo Tusekile tulimkuta anaanika mpunga. Akatutolea viti, baba akakataa kukaa, akamweleza yote akiwa amesimama juani. Tusekile alilipokea boksi, akaligeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye ile nailoni. Hakulia wala hakututukana. Alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Baba Zuena. Lakini ulikuwa unamtunzia nani?"

Tukaaga, tukatembea. Tulikuwa tumeshafika karibu na mjini ndipo akanijibu mimi, bila kunitazama. "Ridhwani. Nilitaka siku akija aone sikuichezea zawadi yake."

Sasa unajua. Nimefikiri sana kama nikuandikie au nikufiche, maana nakutua mzigo mmoja nakutwisha mwingine. Baba ndiye aliyeniamuru. Alisema nikuandikie kama ilivyo, usibebe cha kwake. Kwa hiyo usikibebe. Lakini na wewe usimhukumu ukiwa huko mbali, ukitaka kumgombeza uje umgombeze ana kwa ana, kama nilivyofanya mimi.

Tusekile boksi alibaki nalo. Hajatuma neno, na sijui kama atalituma. Gemu la magari baba halitaki tena. Amerudi kwenye kigoda chake, ila sasa amekigeuza anaangalia uani, ilipo pikapu. Sijui kama hiyo ni nafuu au ni kuzidiwa.

Jana nilizishusha sahani za mama. Nilizisugua vumbi, nikampakulia baba wali na samaki kwenye mojawapo. Akaitazama mpaka wali ukapoa, nikadhani atanifokea. Halafu akanawa akala, akaimaliza yote, machozi yanamtoka na wala hayafuti. Kuanzia sasa tunazilia hizo. Moja imekwisha kuvunjika na dunia haijaisha.

Shangazi Aisha anakusalimu, anauliza lini utaoa, kama kawaida yake. Binti yangu Naila anakusalimu pia, amekuwa mrefu kunipita. Na wewe nisalimie Said na wenzako wote mnaokaa pamoja. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na barabara zote unazopita, akurudishe ukiwa mzima.

Baba ameketi hapa karibu nami. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Anasema usitume kitu kingine. Uje wewe, na uje upesi, hataki kukutunza kabatini.

Wako akupendaye siku zote, hata anapokukaripia,
dada yako,
Zuena Athuman