Historia ya Marjabu kwa Zamu

Mji Mkongwe, 11 Januari 2024

Mdogo wangu mpenzi Mwatum,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nataka kujua hali yako, mgongo wako na mwani wako. Huku ni wazima, ila goti langu limeanza kunigomea kwenye ngazi. Barua anakuletea Ubwa akirudi huko kutoka kuuza ndizi Darajani. Nimempa na mkate wa mofa. Ukifika nusu, unajua nani kaula.

Zamu yangu ya historia ya mji wetu wa Marjabu hii hapa:

"Katika mwaka wa mia tatu na nne tangu Bibi Nali, mjane muuza chumvi, alipotandika mkeka juu ya mwamba na kupaita soko, mji ulikuwa na malango mawili tu. Kwa lango la mashariki waliingia watu wa mawinguni, wakinunua chumvi na kulipa kwa mvua, pishi kwa pishi. Kwa lango la magharibi waliingia watu wa chini ya ardhi, walioleta sauti za marehemu ndani ya vibuyu vilivyozibwa kwa nta. Mwaka huo likafunguliwa lango la kaskazini, na humo likaingia gari moshi, likipiga kengele, limepakia vivuli vya miti vya kuuzwa nchi zisizo na miti."

Vipi, umependa? Niandikie upesi.

Dada yako,
Khairat


Makunduchi, 16 Januari 2024

Dada Khairat, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo mzima, mwani umeoza kidogo kwa joto la maji lakini hilo tutalizungumza kwa simu. Mkate umefika wote, na Ubwa nimemnywesha chai.

Zamu yako nimeisoma mara tatu. Gari moshi, dada? Miaka arubaini na moja tunaandika historia ya mji huu, tukihesabu ya barua tu, na haijapita hata baiskeli. Wewe gari moshi sijapata kukusikia ukilitaja maishani. Nikamuuliza Ubwa siku hizi unakaa na nani. Akanijibu bila hata kufikiri:

"Si na Bi Salhiya, yule mwalimu kahamia nyumba ya mbele. Katokea Bububu. Kila nkenda nnawakuta barazani wanacheka, daftari katikati."

Bububu! Hapo nikajua gari moshi limetokea wapi. Reli ya zamani ilikuwa ikiishia huko, na watu wa huko mpaka leo wanaizungumza kama iling'olewa jana.

Niambie kweli. Lango la kaskazini kalifungua nani?

Mdogo wako,
Mwatum


Mji Mkongwe, 3 Februari 2024

Mdogo wangu Mwatum,

Marahaba. Natumai u mzima na nyumba nzima. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema ambayo haitakuudhi, na sikuipata.

Ni Salhiya. Alinikuta naandika, akauliza, nikamsomea. Kesho yake akaja na ukurasa wake. Ulikuwa mzuri, Mwatum. Nilitaka kuukataa nikashindwa. Barua zetu ni moja kwa mwezi, watoto wangu wameshaondoka, na yeye yupo hapo mlangoni. Kuuleta kwako kama wangu ndiko nilikokosea, nimefanya hivyo kwa kuogopa mdomo wako. Nisamehe.

Lakini lango silifungi. Sheria yetu unaijua: kilichoandikwa hakifutwi. Zamu ni yako.

Dada yako,
Khairat


Makunduchi, 5 Februari 2024

Dada, shikamoo.

Leo sikuulizi hali. Nina wivu. Nalisema mwenyewe usije ukalisikia kwa Ubwa.

Baba alipokuleta hapa, mama yako ametoka kufariki, ulikuwa na miaka tisa na mimi saba. Nilikugawia baba. Nilikugawia kitanda. Mama yangu akawa anakukatia wewe kipande kikubwa cha samaki kwa kuwa ni yatima, na mimi nikala mkia nikanyamaza. Siku arubaini hukusema na mtu. Mimi ndiye niliyekufuata nyuma ya jiko nikakwambia, "Tufanye tuna mji." Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho na wewe bila kugaiwa na mkubwa yeyote. Leo umemkatia kipande mtu wa barazani kwa sababu anakuchekesha. Kwani mimi sichekeshi?

Zamu yangu:

"Mwaka huohuo watu wa mawinguni waligundua kuwa mizani ya lango la kaskazini inapunja. Wakafungua maghala yao yote ya mvua kwa mara moja. Gari moshi likazama pamoja na mwalimu mmoja aliyekuwa akicheka dirishani. Soko likazama. Vibuyu vikapasuka, sauti zote zikatoka zikapotea. Hakubaki mtu."

Kilichoandikwa hakifutwi.

Mwatum


Mji Mkongwe, 8 Machi 2024

Mwatum,

Natumai hujambo. Ramadhani imeshafika mlangoni na sipendi kuanza kufunga nina kinyongo na mtu. Nimekusamehe, nawe nisamehe kwa kukuficha.

Salhiya alipojisoma anazama alicheka, akasema amekufa kifo kizuri. Hilo si kitu. Lakini vibuyu, Mwatum. Mle niliweka sauti ya mama yangu. Niliiweka mwaka ule wa kwanza, na wewe ndiye uliyeiziba kwa nta, ukaniambia hapa haitoki tena.

Ubwa anakuletea madaftari yote, thelathini na saba. Mji ni wako peke yako sasa. Mimi siandiki tena.

Ramadhani njema.

Dada yako,
Khairat


Makunduchi, 13 Aprili 2024

Dada yangu Khairat, shikamoo, na Idi njema tena.

Siku ya Idi ulinijibu simu vizuri, ukaniuliza mgongo, ukampa Salhiya naye anisalimie. Ana sauti nzuri, nakubali kwa shingo upande. Ya Marjabu hukuyagusa.

Nilitaka kukuandikia kwamba nilisahau kilichokuwemo kwenye vibuyu. Nimefunga mwezi mzima, sitaanza Shawwal kwa uongo. Sikusahau. Kalamu ilipofika hapo mkono ulisita, kisha nikaandika, kwa sababu nilijua ndipo patakapokuuma.

Nijibu hata kwa matusi.

Mdogo wako,
Mwatum


Makunduchi, 2 Juni 2024

Kwa dada yangu Khairat, shikamoo, na Bi Salhiya kama yupo hapo barazani, salamu.

Natumai goti halikusumbui. Mimi mzima, ila sina raha.

Nimejaribu kuuendesha mji peke yangu. Nilimpandisha muuza chumvi mpya juu ya mwamba, nikampangia chumvi yake, nikamletea wanunuzi. Kila aliyekuja nilikuwa nimeshajua shida yake, bei atakayotaja na mzaha atakaoufanya. Nimejaza daftari zima hivyo. Soko la mtu mmoja si soko, dada, ni mtu kakaa juu ya jiwe.

Sauti ya mama yako siwezi kuirudisha. Nikiirudisha nitakuwa nakudanganya na wewe utajua. Nimeandika hivi tu:

"Mwaka wa kwanza baada ya gharika, muuza chumvi aliuzunguka mwamba mzima akiziita sauti kwa majina. Hazikuitika. Akakaa chini akalia, kwa kuwa vibuyu alivipasua yeye."

Wivu bado ninao, usidhani umenitoka. Juzi nilimfikiria huyo mwenzio kakaa kwenye jamvi lako, nikatwanga kitunguu saumu mpaka mama mkwe akaja kuuliza kuna nini.

Ubwa anakurudishia madaftari yote, na lile langu la thelathini na nane. Zamu inayofuata mpe Salhiya. Baada yake ni wewe, ukipenda. Mimi niwekeni wa mwisho, nitasubiri.

Mdogo wako,
Mwatum