Kabla ya Watu Wao Kuja

Jumatatu, 2 Juni

Uji, pasi, sketi, mbio. Fasihi lilikuwa somo la kwanza. Tunasoma tamthilia ya zamani: msichana na mvulana wanaonana usiku mmoja, kesho yake wanafunga ndoa kisiri, wiki haiishi wamekufa. Darasa lilicheka. "Si wangengoja hata wajuane tabia!" Njeri akasema. Bi. Gathoni ametupa insha: hatari za pupa katika mapenzi. Sikucheka. Nilimfikiria dada yangu Nyambura.

Jumatano, 4 Juni

Insha haiendi. Nyambura alikutana na Kevo wakati wa Pasaka, kwenye kambi ya vijana wa kanisa. Mei haikuisha, akawa amehamia kwake Ruiru. Ana miaka kumi na minane. Baba hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayekanyaga huko kabla watu wa Kevo hawajaleta mbuzi wa posa. Ndiyo desturi. Mzazi haendi kwa binti ambaye hajaposwa. Watu wa Kevo nao wanasema wanangoja mavuno.

Nakasirika. Kutoka hapa Makongeni si mbali hata kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeenda. Nilisema naenda maktaba.

Nyambura alikuwa amelala, ameshika tumbo. Midomo myeupe. Ana mimba changa, anatokwa na damu. Kevo yuko mjengoni, kazini. "Toa hiyo sura, kasista," Nyambura akaniambia. "Unanitisha kuliko tumbo lenyewe." Nilimsihi twende hospitali. Akakataa. Wataita mzazi, na mzazi hawezi kuja. Anangoja watu wa Kevo waende kwetu kwanza, asimwaibishe Baba zaidi.

Nilirudi nikamwambia Mama kila kitu. Akavaa viatu. Baba akasimama mlangoni.

"Mama Nyambura, watu wao hawajakuja."

Mama akavua viatu. Nimemchukia Baba. Nimemchukia Mama pia. Nampigia Kevo, hashiki.

Jumapili, 8 Juni

Mama alitoka alfajiri bila kumwambia Baba. Nilimfuata. Tulimkuta Kevo barabarani, amembeba Nyambura mgongoni, anatafuta gari.

Hospitalini, daktari alisema mimba ilishika nje ya mfuko wa uzazi, ikapasuka. Jana wangemwokoa.

Nyambura amefariki.

Jumatano, 11 Juni

Nimeandika insha upya. Kwanza nilikuwa nimesema vijana wale wa tamthilia walijiua kwa haraka yao. Bado naamini. Walikimbia mpaka wakafika mahali ambapo hawangeweza kumwita mtu. Lakini wakubwa wao walikuwa na nafasi ya kuwafuata, wakaenda polepole. Bi. Gathoni aliisoma nikiwa nimesimama pale. Hakuweka alama. Alinishika bega.

Jumamosi, 14 Juni

Tumemzika. Baba ndiye aliyetaka kushika koleo kwanza. Hakuweza kuliinua.

Jumapili, 22 Juni

Mvua. Baada ya kanisa Kevo alikuja langoni na nguo za Nyambura kwenye mfuko. Alikuja peke yake. Nilidhani Baba atamfukuza. Alimfungulia, akamvutia kiti.

Nilipika chai. Nilimwona Kevo vizuri kwa mara ya kwanza. Ana chunusi mashavuni. Suruali imekuwa fupi, kama ya mtu ambaye bado anarefuka. Mama alichukua mfuko, akaanza kukunja nguo moja moja.

"Kunywa, kijana," Baba akamwambia. "Inapoa."

Akanywa.