Siku Niliyoliacha Basi

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Tairi sawa. Breki sawa. Balbu ya nyuma kushoto nimebadilisha. Kilomita nimeandika kwenye daftari la gari. Nimetoka gereji saa moja na dakika kumi.

Wiki hii ni wanafunzi kutoka Lubumbashi. Ishirini na wanane, wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Wanalala hosteli moja ya Koekelberg, chini ya Basilika. Tunatoka asubuhi, tunarudi jioni. Leo Brussels, kesho Bruges na Ghent, Jumatano Antwerp, Alhamisi Kolon kule Ujerumani, Ijumaa Leuven. Jumamosi wanapanda ndege.

Madereva ni wawili kwa sababu safari ya Kolon ni ndefu. Bosi aliniuliza namtaka nani, nikamtaja Nasoro. Mama yake na mama yangu waliuza mboga meza moja Buyenzi, kule Bujumbura. Udereva wa basi kubwa nimemfundisha mimi. Kazi hii nimemwombea mimi. Bosi amekwisha mwonya mara mbili kwa kutumia basi kwa shughuli zake, na onyo la tatu ni kufukuzwa. Nilimwambia bosi: nitamwangalia.

Mwalimu wao ni Madame Odette, wa historia. Kila mtoto lazima aandike ripoti ya kila mji: ukurasa mmoja, tarehe na saa juu. Mwanamke wa utaratibu. Nimempenda kwa hilo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kutwa. Msichana anayekaa nyuma yangu anaitwa Plamedi. Hanyamazi.

"Papa chauffeur, miaka ngapi unatembeza bantu?"

Kumi na tisa.

"Bon. Bruges ni aje?"

Nikamwambia Bruges ni parking kubwa yenye choo safi. Basi zima lilicheka mpaka Ghent. Ghent ni aje? Parking ndogo, choo kibaya. Wakacheka tena. Mimi sikuwa natania. Nimefika Bruges zaidi ya mara mia na minara yake naijua kwa kupitia kioo cha mbele. Dereva haliachi gari peke yake.

Nasoro amekula kwetu Molenbeek. Mke wangu alipika ndagala, dagaa wa kwetu. Nasoro alikula sahani mbili, akambembeleza mtoto wa binti yetu hadi akalala. Mtu wa nyumbani.

Jumatano, 9 Aprili

Antwerp. Aliendesha Nasoro. Anapiga breki kwa kuchelewa, nimemwambia. Njia nzima ya kurudi alikaa nyuma na Madame Odette wanaongea chini chini. Nilidhani ni mapenzi. Nikajiambia hayanihusu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeendesha kwenda Kolon. Tumeegesha saa tano kasoro dakika tano. Wanafunzi wakashuka kwenda kwenye kanisa lile kubwa. Nasoro akanishika bega. Huniita grand, yaani kaka mkubwa.

"Grand, wewe kila siku parking, parking. Utakufa hujaona kitu. Nenda na batoto. Mi nabaki na gari."

Nikakataa. Plamedi akaanza kuimba "Papa chauffeur, twende," na wengine wakadakia. Nikaenda. Kadi yangu ya udereva niliiacha ndani ya mashine inayoandika saa zetu. Sijawahi kuiacha. Lakini aliyebaki alikuwa Nasoro.

Ngazi za mnara ni zaidi ya mia tano. Ya mia tatu iliniketisha. Plamedi alinivuta mkono. Juu kuna upepo, na mto mpana, na treni zinaonekana kama viwavi. Nilikaa kule juu muda mrefu kuliko wote. Madame Odette alinikuta huko akaniambia nisiharakishe. Nilifurahi kama mjinga. Naandika hivi sasa na bado nina furaha, pamoja na haya yanayofuata.

Nimerudi saa nane na robo. Nikazunguka basi kama kawaida. Pembe ya nyuma kulia ina mkwaruzo mrefu, na rangi nyekundu imebaki pale. Nasoro alisema alikuwa amesinzia kiti cha nyuma, na mtu amepita akatukwaruza. "Hawa Wajerumani, grand! Hata pole hawajui." Nikaandika kwenye daftari la gari: tuligongwa tukiwa tumeegesha. Nikatia saini.

Ndani ya buti ya basi kuna maboksi manne mazito ambayo asubuhi hayakuwapo. Vyerehani vya Madame Odette, alisema Nasoro, vitaenda na kontena. Aliyemuuzia amevileta mwenyewe.

Kilomita zimezidi thelathini na moja. Labda asubuhi nilisoma vibaya.

Sisomi vibaya.

Ijumaa, 11 Aprili

Baada ya Leuven bosi aliniita. Polisi wa Kolon wamepiga simu. Jana, saa sita na dakika tano, basi letu liligonga gari dogo jekundu lililoegeshwa mbele ya ghala la vyerehani vya mitumba. Mama mmoja alikuwa ndani. Kioo kimevunjika, mkono wake umeteguka. Basi halikusimama. Jirani ameandika namba.

Bosi akafungua kumbukumbu za mashine. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba, basi lilitembea. Kwa kadi ya nani? Yangu. Kisha akafungua daftari la gari. Mwandiko wangu, saini yangu: tuligongwa tukiwa tumeegesha.

Nikasema nilikuwa juu ya mnara. Akasema amekwisha mpigia Nasoro. Nasoro amesema yeye alilala nyuma, na aliyehamisha basi ni mimi.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nimesimamishwa mpaka Jumatatu. Kumkimbia mtu uliyemuumiza, huko ni kesi ya jinai. Leseni yangu itakwenda. Nina miaka hamsini na mbili, na hii ndiyo kazi ninayoijua.

Nasoro hapokei simu. Nimepiga mara tisa.

Sasa nimeelewa. Alitoa kadi yake, akaiacha yangu, ili jina lake lisionekane popote. Na ili mimi nisiwepo, akanipeleka kutalii. Ile huruma yake ndiyo inaniuma. Angeniibia kadi mfukoni ningemwita mwizi, yakaisha. Lakini amenishika bega.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda Koekelberg kwa tramu. Mwenzangu mwingine wa gereji alikuwa anapakia mizigo ya wanafunzi kwenye basi langu. Alinisalimu bila kunitazama.

Nilimwomba Madame Odette aandike sentensi moja: dereva Saidi alikuwa nasi kanisani saa sita. Moja tu. Alikuwa na orodha yake na kalamu nyekundu mkononi.

"Papa Saidi, mi niko na batoto ya bantu. Sikuangalia nani alikuwa wapi."

Nikamkumbusha upepo. Nikamkumbusha aliniambia nisiharakishe.

"Sikumbuke, papa. Pardon."

Nikamuuliza kuhusu vyerehani. Akaanza kuhesabu wanafunzi upya. Alikwisha wahesabu, nilimwona. Basi alijua. Alimtuma Nasoro kuchukua mzigo wake, na kule juu alikuwa ananichelewesha. Watu wawili wazima walipanga, nami nilikuwa nahesabu ngazi.

Plamedi alikuwa mlangoni mwa basi, ana mkate mdomoni.

"Madame, si papa alikuwa na siye? Njo miye nilimuvuta mukono ku ngazi!"

"Plamedi, ingia mu bus."

"Lakini Madame, hata wewe ulisema—"

"Ingia!"

Akaingia. Nikageuka niondoke. Nilikuwa nimefika kona niliposikia viatu vinakimbia. Alikuwa amechana ukurasa kwenye daftari lake. Ripoti ya Kolon, kwa Kifaransa, tarehe na saa juu kama walivyoamriwa, na alama nyekundu ya mwalimu chini: nane kwa kumi.

"Papa, kamata. Nitaandika ingine mu ndege."

Nikamwambia mwalimu atamkasirikia. Akasema Madame alikwisha mkasirikia tangu Antwerp. Akakimbia.

Nimeusomea ndani ya tramu. Katikati kuna sentensi hii: "Saa sita na dakika kumi, kwenye ngazi ya mia tatu, dereva wetu aliketi akasema kanisa hili lilijengwa na watu wasio na magoti." Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa Madame Odette: "Ni kweli, lakini hili si la historia."

Ni kweli. Ameandika mwenyewe.

Jumapili, 13 Aprili

Sikulala vizuri. Ukurasa uko kabatini, chini ya mashuka.

Mke wangu amenikalisha. Nasoro ana watoto watatu, akasema. Wa mwisho hata hajatembea. Nikamwambia najua, mbuzi wa akika ya yule wa mwisho alipozaliwa nilimchagua mimi. Akasema basi ongea naye kwanza. Nikaenda kwake, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Mkewe alifungua mlango nusu. Nasoro hayupo. Viatu vyake vilikuwa pale mlangoni, na runinga ilikuwa inatangaza mpira.

Nilisimama pale muda. Nikasema kwa sauti ili asikie: "Nasoro, kesho saa tatu nitakuwa kwa bosi. Njoo useme mwenyewe." Sauti ya runinga ikaongezwa.

Nimefanya linalonipasa. Kesho napeleka.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa tatu kamili. Nasoro alikuwapo, amevaa shati jeupe, amefika kabla yangu. Sikuuweka ukurasa mezani mara moja. Nilimtazama kwanza. Nilimpa kama dakika nzima. Alikuwa anatazama kalenda ukutani.

Nikauweka.

Bosi aliusoma mara mbili. Pale kwenye magoti alicheka puani, kisha akaacha. Akapiga simu hosteli, wakathibitisha nani alikuwa mwalimu na ratiba ilikuwaje. Akamuuliza Nasoro, kwa Kifaransa, polepole: kama Saidi alikuwa ngazini, basi aliendesha nani?

Nasoro alinigeukia mimi, akasema kwa lugha yetu:

"Grand. Unaniuzisha kwa muzungu?"

Mimi. Namuuza mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa msamaha, hata kwa ngumi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilitaka kusema mengi. Nilichosema ni: "Mwambie bosi."

Akamwambia. Ilichukua dakika nne. Ghala, vyerehani, kona nyembamba, aliogopa. Alisema mara tatu kwamba aliogopa. Namwamini hapo. Kuogopa si kosa. Kosa ni alichofanya na woga wake.

Amefukuzwa. Kesi ya Kolon inamfuata yeye. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa kutia saini jambo nisiloliona kwa macho. Ni haki. Nimelitia saini pia, baada ya kulisoma lote.

Jumatano, 16 Aprili

Nimerudi kazini. Basi limepakwa rangi pale nyuma. Haijalingana.

Duka la nyama halal la pembeni mwetu, leo wamenyamaza nilipoingia. Wote Warundi. Muuzaji alinipimia, akanifungia, hakuuliza habari za nyumbani. Mke wangu amesikia kwenye harusi ya jana: mzee Saidi amemuuza mtoto wa Buyenzi kwa karatasi ya mtoto wa shule. Hakuna anayesema vyerehani. Hakuna anayesema yule mama wa Kolon na mkono wake.

Mmoja alinisimamisha kituo cha metro. Mtu mzima, ninamheshimu. "Ungenyamaza, Saidi. Wewe bosi anakupenda, angekusamehe." Nikamuuliza: na polisi nao wananipenda? Akasema mambo ya ndugu yanamalizwa ndani. Nikamwambia nilikwenda mpaka mlangoni kwake, nikaongezewa sauti ya runinga. Akasema hilo hakulijua. Metro ilikuja.

Nina hasira kuliko wiki iliyopita. Naiandika ili nisiitamke.

Ijumaa, 18 Aprili

Safari fupi asubuhi, wazee wa Ganshoren kwenda kutazama maua. Nimemaliza mapema, nikawahi msikitini.

Palijaa. Imamu akasema tunyooshe safu, tusiache nafasi. Kushoto kwangu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mtu akaja akaijaza. Bega likagusa bega. Nilimjua Nasoro kwa pumzi. Ana mafua ya majira haya kila mwaka.

Angeweza kusimama safu nyingine. Au labda hapakuwa na nafasi nyingine. Sijui, na sikugeuka kuhesabu.

Tuliinama pamoja, tukasujudu pamoja. Mwishoni nikatoa salamu kulia, kwa mzee wa Kimoroko nisiyemjua. Kisha kushoto. Salamu ile ni ya lazima, sikuikata. Lakini wote hugeuka upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo nilichokiona kilikuwa kisogo chake tu. Amenyoa.

Mikono hatukupeana. Alikaa kidogo, akanyanyuka, akaenda zake. Nami nilikaa mpaka watu wakapungua.