Kabula na Samaki Mlinzi

Jumatatu, 4 Machi
Vipindi vitatu mfululizo. Koo limekauka. Kidato cha pili, viumbe wanaoishi kwa kutegemeana. Nikachora gobi, yule samaki mdogo wa baharini, na kamba anayechimba shimo wanamoishi wote wawili. Nikasema kamba ndiye mlinzi. Kabula akanyoosha mkono.
"Mwalimu, kamba haoni vizuri. Anayelinda ni samaki."
Mimi bahari sijawahi kuiona. Nikamjibu, "Wewe wa Lamadi unajua dagaa wa ziwani tu." Darasa zima likacheka. Nami nikacheka.

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua kitabu. Kabula yuko sahihi. Kamba hutoka shimoni kipapasio chake kikigusa gobi. Hatari ikija samaki hutikisa mkia, wote wanazama ndani. Ukurasa mzima, na picha juu.
Darasani sikusema kitu.

Alhamisi, 7 Machi
Jaribio la kuchagua wawili wa kwenda mashindano ya sayansi ya mkoa, Bariadi. Swali la tano lilikuwa hilohilo. Kabula kaandika ukweli. Nikamkosesha, maana kumpa alama ni kukiri kosa langu mbele ya wote. Amekuwa wa tatu kwa alama moja.
Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 11 Machi
Mama yake Kabula kaja ofisini. Anauza samaki Lamadi. Kanisalimia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mwalimu. Binti yangu nyumbani anasimulia somo lako tu." Kaniletea sato wawili wakavu ndani ya gazeti.
Nimepokea. Nimemwita mayu, yaani mama, nikasema asante. Kuwala nimeshindwa.

Jumanne, 12 Machi
Asubuhi nimemweleza mkuu wa shule yote. Amekasirika, ana haki. Majina yameshapelekwa, hayabadilishwi tena. Nikaenda darasani.
"Kabula alisema kweli. Nilimcheka. Halafu nikamnyima alama yake huku najua."
Masikio yananiwaka. Kabula akasimama.
"Nimesikia, mwalimu."
Akaketi. Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kumwomba.

Jumamosi, 16 Machi
Gari la mashindano limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Baadaye nikamkuta Kabula maktaba, peke yake, anasoma habari za matumbawe. Kaniamkia, kasogeza begi nipite. Nikakaa meza ya pili, nikafungua kitabu changu. Tumesoma hivyo mpaka mvua ikaanza kupiga bati.