Vipimo vya Chiriku

Chumba cha mbele, kwenye cherehani,
Jumatatu, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla hujaendelea kusoma, rudi kwenye bahasha uitazame gundi. Nimeibandika mara mbili, kisha nikapitisha mstari wa kalamu nyekundu pale inapofungukia. Kama mstari umekatika, ujue kuna mtu ametutangulia kusoma, unijulishe.

Haya, sasa salamu. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Umepata koti la maana au bado unatoka na sweta mbili? Sisi hatujambo. Goti langu la kukanyagia cherehani linalalamika ila nimelizoea. Shangazi yetu naye ni mzima, hasikii ukimwita, lakini ukifunua sufuria jikoni anasikia toka uani.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ikiita tu, mwanao ameshaidaka, na haya si ya kusikia yeye. Nesi wa nyumba ya tatu anasafiri keshokutwa kuja huko, nimempa barua mkononi. Nilimtazama vizuri kabla ya kumpa.

Unanijua nilivyo. Siku kamati ilipomtangaza Chiriku kwamba ndiye atakayeimba kwa niaba ya nchi nzima kwenye mashindano ya watoto huko huko ugenini uliko, wewe ulilia mpaka simu ikakatika, Shangazi akacheza na fimbo yake, mimi nikasema hapa kuna namna. Watoto wote wa wakubwa waachwe, achukuliwe mtoto anayelelewa na mjomba wake fundi cherehani? Tangu lini?

Machale yalinicheza zaidi waliponipa kazi ya kushona gauni la jukwaani. Walileta kitambaa cha rangi ya maziwa, kizuri, cha kutosha gauni moja tu, pamoja na karatasi ya vipimo iliyoandikwa na mwalimu wa nyimbo. Hebu niambie, fundi gani anaandikiwa vipimo vya mtoto anayekula naye meza moja?

Nikaisoma karatasi. Kifua inchi thelathini, urefu thelathini na nane. Mimi Chiriku wangu namjua, ni ishirini na nane kwa thelathini na tano. Tangu umwache na miaka saba sijawahi kumwekea futi, namkadiria kwa jicho tu, na hakuna nguo iliyowahi kumbana. Nikajiuliza, basi huyu wa thelathini na nane ni nani?

Nikafunga cherehani nikaenda ukumbini wanakofanyia mazoezi. Mlango ulikuwa umefungwa, nikachungulia dirishani. Nikamwona Chiriku amekaa kwenye benchi, na mbele kasimama msichana mwingine, mrefu, mabega mapana, anaimba wimbo ule ule. Mlinzi akaniambia huyo ni wa akiba, endapo mwenzake ataugua. Nikampima kwa jicho palepale dirishani. Thelathini na nane kamili, au labda niliona nilichokwenda kukitafuta.

Fundi viatu tunayetazamana naye barabarani ndiye aliyekoleza. Akaniambia, "Fundi, we huoni? Huyo ni mtoto wa dada yake katibu wa kamati. Siku ya safari mtasikia Chiriku ana mafua." Damu ikanichemka. Nikakuona wewe na tiketi yako ya treni, umekaa ukumbini baada ya miaka minne ya kumsubiri mwanao, pazia linafunguka, anatoka mtoto wa watu.

Nikala njama zangu. Nilishona gauni kwa vipimo vyangu, si vya karatasi. Nikapunguza hata mishono ya ndani, nisiache popote pa kutanulia, ili mtu yeyote asiye Chiriku akilivaa limkabe. Nikasema tutaonana hukohuko. Mdogo wangu, sijawahi kujisikia mjanja kiasi kile.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kulijaribu. Katibu alikuwepo, mwalimu wa nyimbo alikuwepo, na yule wa akiba pia. Chiriku akaingia nalo nyuma ya pazia, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka, zipu ilikuwa imegoma katikati ya mgongo na magoti yote yako nje. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba wamelibadilisha gauni. Nikalishika, nikaligeuza, nikaona ni mkono wangu mwenyewe.

Mwalimu akanitazama. "Fundi, si nilikuandikia? Nilimpima mwenyewe, nikamsimamisha ukutani." Katibu alinikata jicho ambalo bado linaniwasha. Miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii, na nimeaibika kwa gauni la mtoto wa nyumbani kwangu.

Kisha mwalimu akanivuta kando akaniuliza kwa nini mtoto anajikunja. Nikamwambia hajikunji. Akamwita, akamwegemeza ukutani, na Chiriku akawa mrefu. Akamwambia aondoke ukutani, na mabega yakashuka, shingo ikaingia ndani, magoti yakalegea kidogo. Nilikuwa nikimwona hivyo kila siku nikadhani ndivyo alivyo. Mwalimu akasema akiwa amejikunja vile pumzi haimtoshi, na ile sauti ya mwisho ya wimbo inayotakiwa ivutwe inamkatikia. Ndiyo maana wamemwandaa mwingine. Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 24, watamsikiliza mara ya mwisho na kuamua nani apande ndege.

Nilimshuku na yeye, sikufichi. Lakini jana mchana Chiriku alipitiwa na usingizi kwenye benchi la chumba hiki, juu ya mabaki ya vitambaa, amejinyoosha wima. Miguu ilipita mwisho wa benchi. Nikachukua uzi nikampima toka utosini hadi kisiginoni, nikapima tena, kisha nikakaa chini.

Nikaiendea sare yake ya shule nikaligeuza pindo. Nilikuta alama tatu za mishono iliyofumuliwa na kushushwa, moja chini ya nyingine, na sindano ile si yangu. Alikuwa akilishusha mwenyewe, kimya kimya, kwa uzi wangu.

Alipoamka nikamwuliza, na nilimwuliza kwa upole. Akaanza kulia. "Mama alisema nisikue mpaka aje anione. Nimejaribu, Mjomba. Miguu ndiyo haisikii."

Unakumbuka? Ilikuwa mwaka juzi kwenye simu. Ulimwambia, "Usikue, nisubiri!" ukacheka, nami nilikuwa pembeni nikacheka. Yeye hakucheka, aliipokea kama amri. Nimewashuku katibu, mwalimu, mlinzi, na mtoto asiye na kosa, na kumbe aliyekuwa ananificha jambo ndiye ninayemmiminia chai kila asubuhi. Niliumia, mdogo wangu. Niliumia kwamba sikuona.

Nimemwambia akue, ruksa, mjomba wake kasema. Akaitikia vizuri, akafuta machozi, akainuka kwenda jikoni, na kabla hajafika mlangoni mabega yalikuwa yameshashuka. Kwani mimi ndiye niliyemkataza? Anamsubiri aliyemkataza. Kwa hiyo nakuomba umpigie kabla ya hiyo Alhamisi. Usimwambie nimekuandikia. Mwambie tu mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba unataka kumwona mrefu. Sijui utasemaje, wewe ndiye mama yake.

Habari ya gauni usiwe na wasiwasi. Nimelifumua ubavuni nikaliongezea kipande kila upande, na mkanda mpana chini. Kitambaa cha rangi ile sikukipata duka lolote, hivyo nimelikata lile gauni lako la bluu uliloliacha kabatini. Nisamehe kwa kutokuuliza. Katibu ameliona leo asubuhi akasema limependeza kuliko lilivyopangwa. Simwamini, lakini nimeshukuru.

Yule wa akiba si ndugu wa katibu wala wa mtu yeyote wa kamati. Analelewa na bibi yake anayefua nguo za hospitali, na amejifunza wimbo mzima akijua huenda asiuimbe popote. Nimemshonea kola mpya, kwa aibu tu. Fundi viatu nimegeuza kiti changu nimempa mgongo, namsikia bila kumtazama.

Shangazi anakusalimu sana, anauliza kama huko jua linatoka. Chiriku anakusalimu bila kujua kwamba nimeandika. Msalimie mwenzako wa chumbani, mwambie asante kwa kukupikia ulipougua. Mungu akukinge na baridi hiyo, akushike mkono kwenye hiyo treni, akufikishe ukumbini ukiwa na moyo mzima.

Wako akupendaye siku zote,
Kaka yako, Fundi.

Nyongeza: Ndani ya karatasi hii nimekunja uzi mweupe, usiutupe. Huo ndio urefu wa mwanao akiwa amelala, asipokumbuka kujikunja. Ubandike ukutani toka sakafuni, kisha usimame karibu yake uone unakufika wapi. Mimi umenifika begani. Ukishaona, ndipo upige simu.