Mtoto wa Nani Huyu?

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na vyungu havikauki. Wamisheni walinifundisha kuandika ili ninakili zaburi. Leo naandika aibu yangu.

Binti yangu Tusekile ana ugonjwa usio na jina. Shingo humruka, macho hupepesa, koo hutoa mlio kama wa mtoto wa mbwa. Akisikia neno kali hulirudia, mara mbili, mara tatu. Hapendi. Nimemwona akiuma nguo yake ili neno lisitoke, na bado likatoka.

Majirani wanasema ni pepo. Baba yake anasema ni ukaidi. Mimi humfinya, kimyakimya, ili anyamaze mbele za watu.

Hanyamazi.

Jana tulivuka kwa mtumbwi kutoka Ikombe, mimi, Tusekile na mama mkwe wangu, kwenda sokoni kubadilisha vyungu kwa mahindi. Tulipokuwa tunavipanga, alifika Mdachi wa boma na askari wake, wakitafuta wapagazi. Akapiga kelele, "Simameni!"

"Simameni! Simameni!" Tusekile akarudia, kwa sauti ileile nzito, shingo ikimruka.

Watu wakacheka. Mdachi akawa mwekundu. Askari akamkamata mtoto mkono, kiboko kikiwa tayari.

"Anamdhihaki bwana. Mtoto wa nani huyu?"

Nilikuwa nimechuchumaa hapo hapo. Tusekile alinitazama. Nami nikainamia chungu, nikakishika mdomo kana kwamba natafuta ufa.



"Wangu," akasema mama mkwe. Bibi yule, mwenye magoti yanayomuuma, alisimama akaingia katikati yao. "Ni koo lake linalojisemea, baba. Yeye hamtukani mtu. Kama ni kupiga, nipige mimi."

Askari akampiga. Viboko viwili vya mgongo, mbele ya soko zima. Kisha wakaenda zao na vijana waliowakamata.

Katika mtumbwi Tusekile aliketi na bibi yake, akimshikilia majani yaliyopondwa juu ya uvimbe wa mgongoni. Mimi nilipiga kasia nikiwapa mgongo. Sikuweza kugeuka.

Asubuhi hii nilimpelekea mama mkwe uji, nikapiga magoti.

"Nisamehe, mama."

"Ndaga, asante kwa uji," akasema. "Lakini mimi hukunikana. Nenda kwa uliyemkana."

Nilimkuta mwanangu chini ya upenu wa jiko, akifinyanga kichungu chake kidogo. Nilimwambia niliogopa. Nilimwambia kuogopa si sababu. Aliendelea kusugua udongo, koo likilia, na kwa mara ya kwanza sikumfinya wala sikuangalia nani anasikia.

Halafu akauliza, "Wakiuliza tena, utasema nini?"

"Nitasema wewe ni wangu."

Alinitazama muda mrefu, kama anavyotazama chungu ambacho hajui kama kitastahimili moto. Alinawa mikono kwenye maji ya mvua, akaenda kwa bibi yake.

Simlaumu. Neno ninalompa leo ni rahisi, hakuna askari hapa.

Kesho ni Jumapili. Siku zote kanisani humketisha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nimtoe upesi akianza. Kesho nitakwenda naye benchi la mbele, wageuke wanaogeuka.

Kama atakubali kuketi nami.