Ndiyo Kumi na Tisa

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa halionekani kutoka dirishani mwangu, na nimeshinda na hasira ambayo sijapata mtu wa kumtolea.

Barua ya kamati imefika kwa treni ya leo. Kamati hiyo, ambayo mimi ni mjumbe wake, inaandaa mtaala wa kuwafundisha madaktari wetu ubingwa wa magonjwa ya ndani hapahapa nchini. Sehemu niliyoiandika mimi imefutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Nilipendekeza kwamba katika miezi mitatu ya mwanzo kila daktari mwanafunzi ajifunze kumhoji mgonjwa akiwa na muuguzi mwenyeji kando yake, na kwamba muuguzi huyo ndiye athibitishe kuwa amefaulu. Kamati imejibu: "Haifai daktari kupimwa na muuguzi."

Haifai! Na hawa ndio wanaotuhutubia juu ya usawa.

Laiti wangekuwepo wodini jana. Daktari Lazaro, kijana hodari aliyeletwa kwetu kuujaribu mtaala huo, alikuwa akimhoji bibi mmoja wa Simbo mwenye homa. Mkononi alishika fomu ya maswali kumi na tisa. Je, anakohoa? "Ndiyo, baba." Anatokwa jasho usiku? "Ndiyo, baba." Anatema damu? "Ndiyo." Zikawa ndiyo kumi na tisa. Lazaro akaandika kifua kikuu kwa mwandiko mzuri, akaagiza sindano zianze mara moja.

Muuguzi Skolastika, Muha aliyeitumikia wodi hiyo kabla yetu sote, alikuwa akitandika kitanda cha pili.

"Muulize na mimba, daktari," akasema. "Atakubali."

Wodi nzima ikacheka. Bibi naye akacheka, kwa adabu.

Kwao Waha, mtu hamkatalii mgeni mwenye cheo aliyejisumbua kuja kumuuliza. Ndiyo yake ni heshima tu. Habari ya ugonjwa haimo. Skolastika akaketi karibu naye, akamwomba kwa Kiha asimulie maisha yake tangu walipohamishiwa kijiji kipya. Ndipo tukasikia habari za kibanda kikuukuu walichopewa wajihifadhi, za kulala chini, na za homa iliyokuja siku tatu, ikaondoka wiki nzima, ikarudi. Hakuwa amekohoa hata mara moja. Tulipoiweka damu yake chini ya darubini tuliona vijidudu vya homa ya papasi, wale kupe wa sakafu za udongo.

Sasa niandike lililo gumu zaidi.

Fomu ile niliitunga mimi. Niliitoa katika vitabu nilivyosomea ng'ambo, nikaisifu mwenyewe kwa ukamilifu wake, na kwa miaka sita nimekusanya ndiyo za watu wa Ilagala na Kagunga nikiziita ushahidi. Ni wangapi niliowatibu adabu yao badala ya ugonjwa wao?

Sijui.

Kamati inataka mtaala urudi na saini yangu kwa treni ya Ijumaa. Sitasaini. Nitaiandika upya sehemu iliyofutwa, na humo nitaeleza kosa langu kwa jina langu, maana la Lazaro ni la siku moja tu.

Na kesho asubuhi, mbele ya Lazaro na wagonjwa wote, nitamwomba Muuguzi Skolastika anipime mimi kwanza. Sina hakika kwamba nitafaulu.